Hati ya Mwaka 1915 na Watu Waliokuwa Shambani

SWALI

Mheshimiwa Mshauri,

Assalaam aleikum. Naandika kuhusu shamba la ekari 40 lililo nje ya mji wa Malindi, ambalo kwa mujibu wa cheti kilichotolewa mwaka 1915 lilikuwa mali ya babu yetu mkuu, yaani baba yake bibi yangu mzaa baba. Cheti hicho kimeandikwa kwa Kiingereza, kina nambari ya dai, nambari ya kiwanja, na jina lake pamoja na la baba yake. Kimehifadhiwa miaka mingi nyumbani kwa ami zangu, watoto wa wajomba wa marehemu baba. Babu mkuu alifariki kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akaacha mjane mmoja na watoto watatu wa mjane huyo, wanaume wawili na bibi yangu. Mjane naye alifariki baadaye, na kwa kadiri tunavyojua mirathi haikugawanywa mbele ya kadhi wala mahakama yoyote. Ndugu wa kiume ndio waliokusanya ijara, yaani kodi ya wakaaji wa shamba, na kuuza nazi, na bibi alipelekewa fungu lake la nazi kila msimu mpaka alipoaga dunia.

Sasa dalali amemleta mnunuzi. Ami wanasema kwamba upande wa bibi hauna tena haki, na wanatoa karatasi ya pili, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wakidai kwamba ni ya mwaka 1930 na kwamba ndani yake bibi aliwauzia kaka zake sehemu yake. Nilipiga picha karatasi hiyo nikamwonyesha mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwandiko ulimshinda, ila alisema tarakimu za mwaka anazisoma 1330. Hata hivyo, mimi na kaka zangu wawili tunatakiwa tutie sahihi tamko kwamba hatuna dai, na tumeahidiwa kwamba tutapewa kitu cha shukrani.

Jambo la pili ni zito zaidi moyoni mwangu. Mama yangu, ambaye alisilimu alipoolewa na baba, ni Mgiriama, na jamaa zake wanaishi katika shamba hilo hilo. Wana nyumba, miembe, mikorosho na makaburi ya wazee wao. Walikuwa wakilipa ijara zamani, kisha baada ya babu mzaa mama kufariki wakaacha. Wao wanasema kwamba wazee wao walikuwa wakilima hapo kabla ya karatasi yoyote kuandikwa, na kwamba mahakama iliyotoa cheti haikuwauliza. Nikiulizia haki ya bibi naonekana nimewasaliti wajomba zangu, na nikiwatetea wajomba ami husema nimeikana nasaba ya baba. Je, umiliki wa ardhi tangu enzi ya ukoloni mpaka kizazi chetu hufuatiliwaje, na mtu aliye na damu ya pande zote mbili asimame wapi?

Msomaji, Kaunti ya Kilifi

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Msitie sahihi tamko hilo, wewe wala kaka zako, kabla ya kujua sajili inasema nini leo na kabla ya mtu anayeaminika kuisoma karatasi ya Kiarabu kuanzia bismillahi hadi majina ya mashahidi. Nalisema hili mwanzo kwa sababu dalali ana haraka nanyi hamna, na sahihi iliyotiwa kwa haraka ndiyo inayogharimu zaidi kuitengua mahakamani.

Tuanze na karatasi hiyo, kwa kuwa ndiyo mnayotishwa nayo. Ikiwa mwalimu amesoma sawasawa, mwaka 1330 si 1930 iliyokosewa, bali ni mwaka wa Hijria, ulioanza mwishoni mwa Desemba 1911 ukamalizika Desemba 1912. Linganisha sasa tarehe zenyewe. Cheti kilitolewa mwaka 1915 kwa jina la babu mkuu, naye alikuwa hai. Bibi yako hakuweza kuuza mwaka 1912 sehemu ya urithi ambao ulikuwa haujawa urithi, kwa kuwa mwenye mali hakuwa amefariki. Inaelekea zaidi kwamba karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa namna babu mkuu mwenyewe alivyolipata shamba, na kwamba aliipeleka mbele ya msajili alipowasilisha dai lake. Kama ndivyo ilivyo, ami wameshika msingi wa haki yenu wakidhani wameshika kinga dhidi yenu.

Tafuteni msomaji wa miandiko ya zamani, aliyezoea hati za makadhi na si Kurani peke yake. Hati za wakati huo zilieleza shamba kwa mipaka yake minne, ya kibla (kaskazini), suheli (kusini), matlai (mashariki) na magharibi, na mara nyingi mpaka wenyewe ulikuwa shamba la jirani anayetajwa kwa jina, njia au mti. Muulizeni ni kitu gani hasa kilichouzwa, kwa maana katika pwani yetu minazi iliweza kuwa na mwenyewe na udongo ukawa na mwenyewe mwingine. Muulizeni pia kama ni bei ya kukata, yaani mauzo ya moja kwa moja, au bei ya khiyari, ambayo kwa kweli ilikuwa rehani, kwani mkopaji aliandika kwamba ameuza huku akibakiza haki ya kulikomboa shamba lake akilipa deni. Wapo waliopoteza mashamba kwa khiyari iliyopitisha muda wake, na wapo waliolipa wakakomboa bila karatasi kurudishwa nyumbani.

Sasa cheti chenyewe. Kilitolewa chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowekwa na serikali ya Himaya ya Uingereza kwa ajili ya ukanda wa pwani, ambao ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar ukisimamiwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye kudai ardhi alete dai lake kwa msajili wa hati, aeleze mipaka, alete mashahidi na karatasi zake, na akishinda apewe cheti. Cheti kiliweza kuwa cha umiliki, cha rehani au cha maslahi mengine, kwa hiyo angalieni kwanza chenu ni cha aina gani. Ardhi ambayo haikudaiwa na mtu ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Kwa maneno mengine, sheria hii ilikigeuza kimya kuwa hasara. Aliyejua Kiarabu au Kiingereza, aliyeishi karibu na liwali, aliyezoea kuandikisha mauzo mbele ya kadhi, alifika na kusikilizwa. Mkulima aliyeishi mbali na mji, ambaye haki yake ilijulikana kwa wazee na makaburi, hakupata hata habari kwamba muda unahesabiwa. Utawala uliwaona Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, kuwa watu wa hifadhi ya Nyika, eneo walilotengewa nyuma ya ukanda wa pwani, wasio na milki ya mtu mmoja mmoja ndani ya ukanda. Kwa hiyo cheti cha babu mkuu kinathibitisha kwamba alidai na dai lake likakubaliwa, lakini hakithibitishi kwamba hapakuwa na mtu mwingine shambani.

Pamoja na hayo, kisheria cheti hicho si karatasi ya makumbusho. Oktoba 1963, Kenya na Zanzibar zilipokubaliana kuhusu ukanda wa pwani, ziliahidiana kwa maandishi kwamba hati za umiliki kamili zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa wakati wote. Sheria ya 1908 ilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, lakini haki zilizosajiliwa chini yake hazikufutwa pamoja nayo. Linalobaki kujulikana ni nini kimetokea kwa hati hii katika miaka zaidi ya 100 iliyopita, na jibu la hilo halimo katika kasha la ami bali katika sajili.

Nendeni katika ofisi ya usajili wa ardhi ya Mombasa, ambako sajili za hati za pwani za mfumo huo wa zamani zimekuwa zikihifadhiwa, mkaombe upekuzi rasmi kwa kutumia nambari ya kiwanja iliyo kwenye cheti. Mtaonyeshwa jina la mwenye shamba kwa sasa na mizigo iliyo juu yake, kama vile rehani, mauzo, kugawanywa au kutwaliwa na serikali kwa matumizi ya umma. Msiridhike na jina la mwisho peke yake. Ombeni nakala ya kurasa zote za shamba hilo tangu usajili wa kwanza, msome kila uhamisho, nani alimpa nani, kwa tarehe gani, kwa idhini ya nani. Pale ambapo jina linabadilika bila mirathi kutajwa pana swali la kuulizwa. Ikiwa hadi leo bado limeandikwa jina la babu mkuu, kama ninavyotarajia, basi hakuna mtu yeyote aliye hai mwenye uwezo wa kuliuza. Sheria ya Urithi inakataza mtu kuuza au kujitwalia mali ya marehemu bila kuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi, na hata msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi kabla uteuzi wake haujathibitishwa. Utaratibu huo wa usimamizi unawahusu Waislamu pia, ingawa mafungu yenyewe hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu.

Mkiwa Mombasa, ulizeni pia kuhusu jalada la dai, kwa kufuata ile nambari ya dai. Jalada la namna hiyo likipatikana lina thamani kuliko cheti, kwa sababu cheti kinataja uamuzi tu, hali jalada huweza kuwa na maelezo ya mdai, majina ya mashahidi, ramani ya kwanza na pingamizi kama zilikuwapo. Matangazo ya madai yalichapishwa katika Gazeti Rasmi la serikali ya wakati ule, na ripoti na mafaili ya maofisa wa wilaya na mkoa wa Pwani yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi. Barua za magavana kwenda London kuhusu ardhi ya Kenya ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, mfululizo wa CO 533, ingawa kwa shamba moja sidhani kama mtahitaji kufika huko.

Msitafute jina kwa namna moja tu ya maandishi. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia, hivyo Suleiman mmoja huweza kuwa Seliman katika ukurasa mmoja na Sleman katika ukurasa mwingine, na jina la ukoo likatokea mahali na kuachwa mahali. Kinachowasaidia ni ule mtindo wa bin na binti, kwa kuwa jina la mtu na la baba yake na la babu yake, yakisimama pamoja na nambari ya kiwanja, ni vigumu kuyachanganya na ya mtu mwingine.

Hapo tunakuja kwenye mnyororo wa pili, wa watu, ambao familia nyingi huupuuza zikidhani kwamba hati ndiyo kila kitu. Andikeni kila aliyefariki, tarehe au walau msimu na tukio la wakati huo, na warithi waliokuwa hai siku ile, pamoja na wake, waume na mabinti. Vifo vingi vya enzi hizo havikusajiliwa, kwa hiyo kusanyeni hati za ndoa na talaka za kadhi, maandishi ya makaburi, na viapo vya wazee. Kuweni macho na barua ya chifu ya kuorodhesha warithi, kwani hapo ndipo mabinti husahauliwa, na orodha pungufu ikishaingia mahakamani huonekana kamili kwa kila anayeisoma baadaye.

Warithi wanapofariki mfululizo kabla ya mali kugawanywa, wanavyuoni wa mirathi huliita jambo hilo munasakha, na hesabu yake hufanywa kifo baada ya kifo. Kwa maelezo yako, ikiwa hapakuwa na warithi wengine, mjane wa babu mkuu alistahiki thumni, yaani moja ya nane. Saba ya nane iliyobaki ilikuwa ya watoto watatu, kila mwanamume mafungu mawili na bibi fungu moja, hivyo bibi alipata sehemu 7 katika 40. Mjane alipofariki, thumni yake iligawanywa kwa watoto wale wale kwa kanuni ile ile, na bibi akaongezewa sehemu 1 katika 40. Jumla ni sehemu 8 katika 40, yaani moja ya tano, na katika shamba la ekari 40 hizo ni ekari 8 kabla ya kuzipeleka kwa warithi wake. Kadhi ndiye atakayethibitisha, lakini mwende kwake mkijua kwamba bibi alikuwa mwenye mali kwa fungu linalojulikana. Zile nazi alizopelekewa kila msimu msizidharau, kwa kuwa zinaonyesha kwamba kaka zake wenyewe walimtambua kuwa mshirika, miaka mingi baada ya hiyo 1930 wanayoitaja.

Mama yako, kwa kuwa alisilimu na alikuwa mke wa baba yako hadi kifo chake, ana thumni yake katika fungu la marehemu baba. Naomba ulitaje hili mbele ya ami na mbele ya wajomba pia, kwa sababu pande zote mbili zimekuwa zikizungumza kana kwamba mama yako yuko nje ya jambo hili.

Kuhusu wajomba zako, nakuambia wazi kwamba maneno yao nayaamini. Miaka ile ile ambayo cheti chenu kilikuwa kikishughulikiwa, Wagiriama walikuwa katika msukosuko mkubwa. Mekatilili wa Menza alikuwa amewaapisha watu wakatae amri za serikali, na mwaka 1914 utawala ukawapiga, ukachoma makazi na kuwaamuru waliokuwa kaskazini ya mto Sabaki wahame. Kuwatarajia watu waliokuwa katika hali hiyo wafike mbele ya msajili na dai lililopangwa vizuri si haki. Ushahidi wao uko mahali pengine: makaburi, vigango (nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliofariki) kama vipo, umri wa miembe, kumbukumbu za kodi ya kibanda, na masimulizi ya nani alimkatia nani eneo la kulima.

Lakini kuamini si sawa na kushinda kesi, nao wanahitaji kujua njia zao. Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi inatambua dhuluma za kihistoria zilizotokea kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010. Marekebisho yake ya mwaka 2016 yaliweka miaka 5 ya kuwasilisha madai, kwa hiyo wamwone wakili wa ardhi kuhusu hali ya kipengele hicho leo kabla ya kutegemea njia hiyo. Njia nyingine ni kudai umiliki kwa kukaa muda mrefu. Aliyekaa katika ardhi binafsi ya mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, aweza kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imtambue kuwa mwenyewe. Ijara ndiyo kiini cha hesabu hiyo. Wakati walipokuwa wakilipa walikuwa hapo kwa ruhusa, na muda huo haukuwahesabia. Walipoacha kulipa mambo huenda yalibadilika, na tarehe ya stakabadhi ya mwisho inaweza kuwa na uzito kuliko kila kitu kilichoandikwa mwaka 1915. Ami wanaojigamba kwa cheti walitambue hilo, na mnunuzi pia, kwani shamba lenye watu na makaburi haliwi tupu kwa sababu limelipiwa.

Kwa hiyo ukiniuliza usimame wapi, nasema simama kwenye ukweli wa shamba zima. Haki ya bibi inadaiwa kwa ami, ambao ndio waliokula fungu lake. Haidaiwi kwa wajomba, na kuidai si kuwafukuza. Ukiwa mrithi utakuwa na sauti katika uamuzi wa nini kifanyike na shamba, na sauti hiyo waweza kuitumia kupendekeza kwamba wakaaji wapimiwe maeneo yao na kupewa hati, na warithi wabaki na sehemu iliyo wazi. Inawezekana pia kuiomba serikali inunue kwa fedha za makazi, kama ilivyofanywa kwa ekari 930 za Likoni ambako wakaaji walianza kupewa hati Januari 2016, ingawa njia hiyo ni ndefu na haiko mikononi mwenu.

Kabla ya yote hayo, mwombe wakili akusaidie kuweka tahadhari kwenye sajili, kwa kiapo kinachoeleza nasaba yako hadi kwa babu mkuu, ili uhamisho wowote usipite bila wewe kuarifiwa. Fuatilia pia Gazeti Rasmi, kwa kuwa mtu akiomba usimamizi wa mirathi ya babu mkuu lazima tangazo litolewe, na wenye pingamizi hupewa siku zisizopungua 30. Halafu keti na mama na wazee wa kwao, kila mmoja peke yake ili mmoja asimfuate mwenzake kwa maneno, uandike wanachokumbuka kuhusu nani alilima wapi, ijara ililipwa kwa nani na ilikoma lini, wasomewe, watie sahihi au dole gumba mbele ya kamishna wa viapo. Fanya vivyo hivyo kwa ami aliye mkubwa kama atakubali. Nakala moja ibaki kwako na nyingine kwa wajomba, kwa maana nao watazihitaji hata kama wewe na ami mtapatana.